Minyaa Minne Katikati ya Kiwanja

Mpendwa Shangazi Aidah,

Naomba uniazime sikio lako, maana wa kumwambia sina, na nikiendelea kunyamaza nitaugua. Mimi ni mama wa watoto watatu, nilizaliwa Karagwe, Tanzania, ambako wazazi wangu walikimbilia zamani, nasi tumerudi Kigali mwezi wa nane mwaka huu na mali yetu yote juu ya lori moja, na kwa kuwa hatukuwa na pa kulala tukaingia nyumba tupu hapa Kabeza, mlango umevunjwa, ndani hakuna hata kijiko, tukafagia tukakaa kama wengi walivyofanya. Nyuma ya nyumba kuna kiwanja kizuri, na katikati yake tulikuta minyaa minne, ile miti ya ua yenye utomvu mweupe, hapa wanaita imiyenzi, imechomekwa kwenye pembe nne na imeshachipuka. Sasa kwetu Karagwe zizi la ndama huzungushiwa minyaa, kwa hiyo nikasema moyoni, hapa palikuwa na zizi, samadi ipo, na mvua za mwezi wa tisa zilipoanza nikapanda maharage humo humo ndani, na mengine kuzunguka nje.

Yakaota, Shangazi, majani mapana yaliyokolea kijani, lakini maganda ya kuhesabu, na nje ya minyaa yakawa ya manjano, hayana nguvu, nami nikaona haya, binti wa wafugaji nisiyejua jembe. Nikaambiwa pale Gisimenti yuko mzee Salvator anayeuza miche kando ya barabara, kabla ya vita alikuwa agronomu, yaani bwana shamba, ukimwita anakuja kukusomea kiwanja chako.

Akaja Jumatano asubuhi. Hakugusa jembe, alitembea tu polepole, akiinama, akinusa udongo, akanionyesha mambo niliyoyapita kila siku kwa miezi minne: hapa mama wa nyumba alikuwa akimwaga maji ya vyombo, ndiyo maana mchicha unajiotea wenyewe; hapa kidole hakiingii, ni watoto walichezea; hapa walimwaga majivu; hapa maji ya paa yanapita, usipande kitu, chimba mfereji. Nilifurahi kupita kiasi, nikaona sasa naanza kupafahamu kwangu. Kisha tukafika kwenye minyaa.

Akavua kofia. "Mama, hii nani alipanda?"

Nikamwambia tuliikuta, ni zizi la ndama.

"Ndama gani atalala hapa? Hata mbuzi moja hawezi kugeuka." Akachimba kidogo kwa panga. "Angalia. Udongo nyekundu iko juu, nyeusi iko chini. Mulimaji hapana geuza hivi. Hapa watu walichimba kwenda chini sana, wakarudisha mbio mbio. Na ule alichomeka imiyenzi, alitaka mahali pasipotee."

Nikamuuliza ni nini kimo humo. Akasema, "Mama, unajua." Na kweli nilijua.

Si hilo tu. Kila Jumapili baada ya kanisa huja mama mmoja aitwaye Gahongayire, anasimama langoni, anaomba maji ya kunywa, anayanywa taratibu huku akitazama nyuma ya nyumba, anashukuru, anaondoka. Mimi aliniambia alikuwa jirani. Salvator anasema ni dada wa mama mwenye nyumba hii, na katika ukoo wao amebaki peke yake, anatafuta ndugu zake wala hathubutu kuuliza kwa sababu sisi tumo ndani. Na mimi, Mungu anisamehe, Jumapili iliyopita nilimfungia maharage mabichi ya humo humo, nikampa kwa mikono miwili, akanibariki.

Mume wangu, Baba Shami, anasema tufunge midomo, kwamba yule mama akijua atadai nyumba na watoto wetu watalala barabarani, anataka nipande majani ya pasipalamu juu yake tusahau. Amemwomba Salvator anyamaze. Mzee amesema atanyamaza mpaka Jumapili hii, zaidi ya hapo hawezi. Shangazi, nifanye nini? Kula sili, na uani siendi.

Mama Shami, Kabeza
Desemba 1994

SHANGAZI AIDAH ANAJIBU

Mama Shami, pole. Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye cherehani, nikaacha kushona.

Maharage kwanza, maana naona ndiyo yanayokukaba koo. Hukujua. Ulimpa mgeni chakula kwa moyo safi, basi usijipige kwa hilo. Ipo siku utamwambia, lakini si siku ya kwanza. Mtu hatwishwi mizigo miwili kwa wakati mmoja.

Ila tangu Jumatano unajua, na hapo ndipo ninapokugombeza. Siku zote hizi umekaa ukihesabu nani atanyamaza hadi lini, na mzee wa watu mmempa kazi ya kuficha asichokificha yeye. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Pasipalamu! Mtu amehatarisha roho yake ili mahali pale paonekane, wewe upande majani pasionekane?

Mwambie Baba Shami maneno haya, asome mwenyewe kama anataka: Wazee wako waliofia Karagwe unajua walipolala. Nina hakika kabla ya kupanda lori ulikwenda kuwaaga. Gahongayire hana pa kuagia. Ameomba maji miezi minne, na hata siku moja hakuwaomba nyumba.

Kwa kuingia nyumba tupu na watoto mkononi sikulaumu, mji huu sote tunajua ulivyokuwa. Lakini kukaa kwenye nyumba ya mtu ni jambo moja, kukaa juu ya maiti yake ukijua ni jambo jingine, na hilo halina udhuru.

Sasa sikiliza. Humo ndani ya minyaa usilime tena, usichume, using'oe. Minyaa yenyewe usiiguse. Watoto wacheze mbele ya nyumba. Usichimbe, wala usimruhusu mumeo kuchimba ili "kuhakikisha". Kufukua ni haki ya ndugu, na kutafanywa mchana, akiwepo konseye, kiongozi wa sekta yenu, na watu wa dini yao, na majirani waone. Salvator naye aitwe, maana anaujua udongo ule. Sanda na mkeka mtanunua ninyi. Msingoje kuombwa.

Halafu Jumapili usiingoje. Miezi yote hii yeye ndiye amekuja kwako, safari hii utakwenda wewe. Muulize mzee anakokaa. Nenda na mumeo, na akikataa nenda na Salvator. Usianze na habari za watoto wako, wala paa, wala lori. Mwambie: "Dada, kuna mahali katika kiwanja chenu tunadhani ndugu zako wamelala." Chenu, umesikia? Kisha nyamaza. Akilia, lia naye. Akikutukana, vumilia. Akitaka kwenda kuona saa ile ile, mpeleke, na umpishe aingie mbele yako.

Atadai nyumba? Huenda. Siwezi kukuahidi kwamba mtabaki, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Mkitakiwa kutoka mtatoka, na mimi nitakuwa wa kwanza kuwatafutia chumba huku kwetu. Ninyi mmeshahama na mkaishi. Yeye hajaweza hata kukaa matanga.

Barua hii ikikufikia asubuhi, usisubiri kupika cha mchana. Jitande kitenge chako, uende.