Mmoja wa Kaka Zangu

Kaka Hoza,

Shikamoo. Sijui kama marehemu huamkiwa, lakini mimi bado ni mdogo wako, na kukuita bila kukuamkia siwezi.

Tangu tukuzike huko tambarare, darasa lako nimepewa mimi. Mwalimu Mkuu alisema, "Rehema, Kiingereza umekinywa na Hoza katika kibuyu kimoja. Shika chaki." Nikaishika. Watoto wakiniangalia naona wanakutafuta wewe.

Unakumbuka ukingoni mwa mlima kule kwetu Mtae, tulipokuwa tukichunga? Mbuzi wetu ukaniambia ni "herd", kondoo wa jirani "flock", nyuki wa mzinga wa Baba "swarm", na ndizi za mkungu "bunch". Nikakuuliza kwa nini Wazungu wasiseme kundi, yakaisha. Ukacheka hadi ukakaa chini. "Hawa hata makundi wanayabagua, mdogo wangu!"

Siku nyingine nikaandika "one of my brother". Ukanisahihisha. "Ongeza s hapo mwisho. Lazima wawe wengi ndipo umtoe mmoja." Nikasema, "Lakini kaka ninaye mmoja tu." Ukasema, "Andika hivyohivyo. Sarufi haiyajui ya kwetu."

Ilipokuja habari ya vijiji vya ujamaa, ukajitolea kuongoza kaya zitakazoteremka. Baba alikukatalia mbele ya katibu kata. "Mtu wa baridi humpeleki kwa mbu," alisema. Nawe, kwa adabu yako ileile: "Baba, shamba letu la mteremko limebaki mawe. Huko ardhi ipo. Tukikaa pamoja tutapata maji, shule na zahanati." Uliamini kila neno, Kaka. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nami nikaamini. Mama akakufuata, kwa kuwa hukuwa na mke wa kukupikia.

Zahanati ilijengwa kweli. Ina mlango mzuri na kufuli. Dawa hazikufika. Homa ilipokushika wakakubeba kitandani kuelekea Mombo kutafuta daktari, na ulikata roho kabla barabara haijaonekana. Baba alishuka kukuzika. Alisimama mbali na wenzake, akatupa udongo wake, akapanda mlima bila kumtazama Mama.

Juzi nilifundisha neno "family". Niliwaambia kama ulivyoniambia: wakiwa kitu kimoja tumia "is", kila mtu akiwa na lake Waingereza wengine husema "are". Binti mmoja wa mbele, Zuhura, akanyoosha kidole. "Mwalimu, tupe mfano wa kwenu." Niligeukia ubao nikaanza kufuta, na ubao ulikuwa mtupu. Kengele ndiyo iliyoniokoa.

Shule zilipofungwa niliteremka huko kumchukua Mama. Nilipata lori la kabichi pale Soni hadi Mombo, kisha nikatembea. Nikamkuta anapalilia kaburi lako. Amekonda, Kaka. Homa inakuja na kuondoka ipendavyo. Anawasalimu majirani kwa Kishambaa, hata Wazigua wasiojua anasema nini, nao wanamwitikia tu kwa huruma. Kaya nyingi ulizoziongoza zimekwisha kutoroka, moja moja, zimerudi mlimani. Nyumba zimebaki na miti tu, mabati wameng'oa. Hilo sikutaka kukwambia, lakini nikilificha nitakuwa naandika nini?

"Mama, twende nyumbani," nilimwambia.

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwa Baba. Anakungoja."

"Amekutuma?"

Nilishindwa kusema uongo. Hakunituma. Mama akaendelea kung'oa majani.

"Hoza nilimzaa peke yake wa kiume," akasema. "Sitamlaza peke yake."

Nilikaa naye likizo nzima. Nilimbembeleza, nililia, nilimkasirikia, Mungu anisamehe. Asubuhi ya kuondoka alinifungia mihogo ya njiani, akanisindikiza hadi mwisho wa nyumba tupu, akageuka.

Nilipofika juu, Baba alikuwa uani anachonga mpini. Hakuitikia hata shikamoo yangu vizuri. Aliuliza neno moja tu.

"Amekonda?"

"Amekonda, Baba."

Akachukua jembe akaenda shamba, na mvua ilikuwa inanyesha. Nilimwona kutoka jikoni amesimama katikati ya matuta, halimi, hafanyi lolote. Nilitaka kumfuata. Niliishia mlangoni. Toka siku hiyo hulala na njaa akidai ameshiba.

Watu kanisani wananiambia Mungu atatukusanya. Naitika amina. Moyoni sioni atatukusanyia wapi: huku juu hamna Mama, huko chini hamna uzima.

Basi, Kaka, sikiliza ninayokuahidi, maana sina zaidi ya hili. Nimeomba uhamisho kwenda shule ya huko chini, ile yenye madarasa mawili na wanafunzi wachache waliosalia. Wakinikubalia nitakaa na Mama. Wasiponikubalia nitaacha ualimu nikakae naye hivyohivyo. Sitamlazimisha tena kupanda mlima. Na siku yake ikifika, hata Baba akatae, nitamlaza kando yako. Wa kunilaza mimi simjui, lakini hilo lisikusumbue.

Pumzika, Kaka. Mchanga wa huko uwe mwepesi kwako.

Mdogo wako,
Rehema