Daktari Alinitabiria Mabaya Nami Nimepona: Nivitupe Vidonge Ziwani?

Mshauri, naomba msaada wako ila usinionee huruma, maana huruma nimelishwa ya kutosha tangu niugue na imenikinaisha. Mimi ni Bibi Kuruthumu wa Ujiji. Shule niliishia darasa la nne, lakini mkono wangu unaandika, na watoto nimewasomesha wote kwa kuanika dagaa pale ufukweni Kibirizi, sasa nisikilize.

Nilikuwa Dar es Salaam kwa mwanangu Gharib, nimekwenda kumwona mjukuu, nimekaa zangu namenya ndizi mara kifua kikabana kama nimekaliwa na gunia, jasho linanitoka na sijainua kitu, taya linauma, Gharib akanipakia kwenye gari mbio mpaka hospitali ya moyo, wakasema mshipa wa moyo umeziba, wakapitisha waya mwembamba hapa kwenye kifundo cha mkono ukaenda mpaka moyoni, wakauzibua na kuuwekea kimrija cha chuma usizibe tena, na mimi macho yangu makavu naona moyo wangu kwenye televisheni unarukaruka. Nilitoka mle nimeshinda. Nilitaka kuimba wakanikataza.

Ndipo akaja daktari kijana anaitwa Oswald. Shikamoo alitoa vizuri, hilo silikatai. Akavuta kiti akaniambia, "Bibi, mshipa umefunguka, lakini kazi haijaisha. Tumepiga hesabu ya umri wako, sukari yako, figo zako na moyo ulivyoumia upande wa mbele. Watu wenye hali kama yako, wengi wanapata matatizo siku za mwanzo. Maji yanaweza kujaa mapafuni, mapigo yanaweza kwenda ovyo, figo zinaweza kuchoka."

Nikamuuliza, "Mjukuu wangu, umesomea udaktari au umesomea ramli?"

Akacheka. Nikamwambia asicheke, sisi watu wa ziwani mtu akipanda mtumbwi hatumwambii utazama, huo ni uchuro, aseme Mungu apishe mbali hapo hapo au aondoke na kiti chake.

Akasema, "Mungu apishe mbali, bibi. Lakini mimi nitakaa karibu."

Jeuri hiyo.

Basi wakanitesa. Wenzangu wanaruhusiwa wanakwenda kwao, mimi nimebakizwa wodi ya mashine, asubuhi napandishwa kwenye mizani kama mzigo wa sokoni, mkojo wangu unapimwa kwenye chupa, samaki naletewa hana chumvi, mimi mtu wa Kigoma. Na kwa maneno yake yote yale hakuna kilichotokea. Asubuhi moja tu nilikohoakohoa, nikashindwa kulala chali, mizani ikasema nimeongezeka, akaja Oswald anakimbia, wakanichoma sindano ya kukojoa, nikakojoa mpaka nikachoka, mchana nilikuwa nakula. Kikohozi tu. Hayo maji ya mapafuni aliyoyatabiri hayakuja.

Nimerudi Ujiji, nimeshuka kwenye treni kwa miguu yangu, watu wananitazama kama nimetoka kaburini. Jumamosi nafanya karamu. Na kwetu, mama yangu alivyonifundisha, mgonjwa akipona mabaki ya dawa yanatupwa ziwani, na anarudi nyumbani bila kugeuka nyuma ugonjwa usijue njia. Ukikaa na dawa ndani ya nyumba unauita ugonjwa urudi. Sasa ninavyo vidonge vya kuzuia damu isigande, Oswald kasema nimeze mwaka mzima, mtu aliyepona ameze mwaka mzima kwa lipi? Nimetaka kwenda kuvitupa, mkwe wangu Zuleha, mke wa mdogo wake Gharib, ninayekaa naye hapa Ujiji, kavificha, ananipa vya siku tu, anasimama kunitazama mpaka nimeze.

Nimemwambia alete. Ananijibu, "Mama, ukivitupa ziwani, nitupe na mimi."

Mkwe kuniambia mimi hivyo. Nimemwambia karamuni hatapika wala hatakaa mkeka mmoja na mimi. Analia, ila haviachii.

Nifanyeje aviachie, au nimfukuze nivitafute mwenyewe? Na uchapishe yule kijana asome huko Dar: utabiri wake ni uongo, Kuruthumu yuko hai.

Bibi Kuruthumu, Ujiji

MAMA MELANIA ANAJIBU

Shikamoo, Bibi Kuruthumu. Hongera kwa uhai wako, na ulichotaka kichapishwe nimekichapisha. Sasa kaa vizuri nikuseme, na heshima yako iko pale pale.

Hicho kikohozi unachokipita haraka haraka ndiyo maji ya mapafuni yenyewe. Mtu anakohoa, hawezi kulala chali, uzito umepanda bila kula: ndivyo yanavyoanza. Yalikuja, bibi. Ulidhani daktari mzima anakimbia wodini kwa ajili ya mafua? Alikuwa anayangoja, na ile mizani uliyoitukana ndiyo iliyomwambia yamefika. Barua yako nilimsomea daktari mmoja wa moyo ninayefahamiana naye. Alicheka kwenye ramli, lakini nilipofika kwenye kikohozi akasema, "Huyu bibi aliwahiwa."

Ramli inakuambia litakalokupata, inachukua kuku wako na kwenda zake. Oswald alikuambia linaloweza kukupata, halafu akakaa. Usiwachanganye watu hao wawili. Wewe umeanika dagaa Kibirizi miaka yote. Mwenzako akisema lile wingu linakuja, mnakusanya, mnafunika turubai, mvua inapiga, dagaa wako wanabaki wakavu. Umewahi kumrudia kumwambia mvua yake ilikuwa ya uongo kwa kuwa dagaa hawakulowa? Kule ungemshukuru. Kwa huyu kijana unataka aaibishwe gazetini.

Na vidonge. Hicho kimrija ni chuma kigeni ndani ya mshipa, na damu ikikigusa inataka kuganda juu yake. Vidonge vinaizuia mpaka mshipa ukizoee na kukifunika. Ukiviacha mapema, damu inaweza kuganda mle ghafla, mshipa ukaziba upya, na safari hii hutakuwa Dar. Utakuwa Ujiji, Gharib na gari lake wako mbali, na hospitali yenye ule waya mtu aliyebanwa kifua haifikii kwa wakati. Umeshinda kubwa halafu unataka kufa kwa kujitakia.

Mama yako namheshimu, sikwambii alikosea. Lakini alikufundisha kutupa mabaki. Mabaki ni kile kinachobakia dawa ikishamaliza kazi. Vidonge vyako viko kazini. Siku daktari atakapokwambia hiki acha, hicho kilichobaki kirudishe hospitali, maana ziwa lile watu wanachota maji ya kunywa, kisha tembea mpaka ufukweni na urudi bila kugeuka, hakuna atakayekuzuia.

Kwa hiyo fanya hivi. Vidonge hata siku moja usiruke, na usiache mpaka daktari wa moyo aseme mwenyewe, si jirani wala mimi. Waambie Zuleha na Gharib wakutafutie mizani, uipande kila asubuhi ukishatoka chooni, hata ukiichukia. Ukiongezeka ghafla, miguu ikivimba, pumzi ikikata ukilala, au choo kikiwa cheusi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kikibana, usingoje hata uji upoe. Na chumvi hiyo iache, mtu wa Kigoma asiye na chumvi bado ni mtu wa Kigoma.

Zuleha umemkosea. Mtu anayelia na bado haachii, huyo ndiye anayekufaa, na wewe unamtoa mkekani. Usimwandalie hotuba. Mwite leo hii, umwambie pilau ya Jumamosi ni yake na kwamba mkeka ni mmoja. Atakuelewa.

Karamu ifanye, tena kubwa. Wageni wakishakaa, kabla sinia halijashushwa, mwite Zuleha alete vidonge na bilauri ya maji mbele ya watu wote. Meza. Kisha simama uwaambie wana Ujiji kwamba kijana aliyaona yanakuja, yakaja kweli, na mkayashinda kwa sababu alikuwa anayangoja. Ukishasema hayo, waachie vigelegele, na safari hii asikuzuie mtu kuimba.