Picha za Kompyuta Ukutani mwa Jiko Langu

Kaloleni,
Arusha.
13 Desemba 1997

Mpendwa mdogo wangu Ndesanjo,

Bwana asifiwe. Marahaba, maana najua umeshaniamkia huko uliko. Hujambo? Baridi ya Leipzig unaionaje? Mama anauliza kila siku kama unavaa lile sweta alilokufumia, nami namjibu unalivaa. Usije ukaniumbua.

Sisi hatujambo. Mama bado yuko hapa kwetu kwa ajili ya mguu wake, na juzi alikwenda kanisani bila fimbo. Mvua hii imetuchosha, nguo hazikauki.

Sasa nikueleze ya kazini. Unajua kiwanda chetu kimeuzwa na mwenyewe mpya anapunguza watu. Wapiga chapa tulikuwa saba. Akatangaza atabaki na wawili tu, watakaofaulu mtihani wa kompyuta. Miaka kumi na saba nimepiga taipureta, Ndesanjo! Shemeji yako Efraimu hana kazi tangu Machi, na Princess anaingia sekondari Januari.

Kompyuta yenyewe ilikuwa moja, ya Hedwiga, mama wa ubatizo wa Princess, ambaye alikuwa mpiga chapa wa meneja. Wenzangu walimwonea haya. Mimi nilimwendea. Kila mchana alinipisha kwenye kiti chake nusu saa, yeye akala wali wake kwa kusimama ukumbini.

Lakini nusu saa inatosha nini? Ndipo ilipofika barua yako, kwamba kuna kitufe kimeandikwa Print Screen, ukikibonyeza kinapiga picha kila kilichoko kwenye kioo. Nikafurahi! Nikakibonyeza, nikaenda kusimama kwenye printa kungoja picha yangu. Kimya. Nikabonyeza tena, nikaongeza karatasi, nikaipiga printa kofi. Hedwiga alicheka mpaka akaweka sahani chini.

"Mama Princess, picha iko humo humo ndani, hujaiita bado!"

Na wewe, bwana msomi, hukuniambia! Akanionyesha: unafungua ile programu ya kuchorea, unashika Ctrl na V pamoja, picha inatokea, ndipo unaichapa. Basi nikapiga picha za kila hatua: kufungua barua, kukata aya, kuihamisha, kuhifadhi. Nikazibandika ukutani jikoni kwa ugali. Nikachora vitufe vyote juu ya boksi la sabuni, nikawa nasonga huku naangalia ukuta, nikiipua tu, vidole viko kwenye boksi. Mama alimwambia Efraimu anipeleke nikaombewe.

Kipanya sikukigusa. Utachoraje kipanya kwenye boksi? Kila jambo nililijua kwa vitufe tu.

Mtihani ulikuwa Jumatano. Walileta mashine mpya kabisa, na kioo chake hakikufanana na picha zangu hata moja. Vitu vyote vimehama! Nikafumba macho. Nikashika Ctrl na O kama nilivyozoea kwenye boksi, nikafumbua, barua ikafunguka. Ah! Nikakata, nikabandika, nikahifadhi, nikachapa, nikamaliza kabla ya muda.

Hedwiga aliingia baada yangu. Yeye amezoea kipanya na amezoea pale kila kitu kilipokuwa. Niliona dirishani mshale wake unazunguka, unatafuta, unarudi. Dakika zikamwishia barua ikiwa nusu.

Jana majina yalibandikwa. Tumepita mimi na Sifael, mpiga chapa wa masjala. Hedwiga aliisoma ile karatasi mara mbili, akanikumbatia.

"Hongera. Mtoto atasoma."

Kisha akaenda kufungasha kikombe chake na Biblia. Nikaingia chooni nikalia. Nimefurahi, sikufichi, nimefurahi sana, na furaha yenyewe inaniuma. Kama angekula mchana wake amekaa, ningekuwa nje mimi.

Jumatatu naanza. Chumba walichonipa ni chake, na kiti ni kile kile. Kesho baada ya ibada nakwenda kwake Elerai. Nimemjua miaka yote hii, Ndesanjo, na sijui nitabishaje hodi.

Efraimu anakusalimu sana. Princess anakuamkia shikamoo mjomba, na baba mdogo Aminiel wa Makumira anauliza utarudi lini. Mama anasema ule, na uvae sweta.

Mungu akulinde katika baridi hiyo, akurudishe kwetu ukiwa na afya yako.

Ni mimi dada yako, nisiyeacha kukupenda,

Anjela