Chiriku, Usinunue Helmeti Inayocheza

Karakana ya Viti vya Magari,
Nyuma ya soko kuu.
Jumapili asubuhi, tarehe 14

Mpendwa mpwa wangu Chiriku,

Kwanza ujue unaandikiwa na mtu mkubwa. Katika mji huu mzima hakuna gari la maana ambalo kiti chake hakijapita mikononi mwangu. Meneja wa benki anakalia kazi yangu, daktari wa meno anakalia kazi yangu, na hata mkuu wa polisi, siku akija kunikamata, atakuja amekalia kazi yangu. Kwa hiyo nikikuambia leo nimefunga karakana ili nikuandikie wewe, pima mwenyewe uzito wa jambo.

Hujambo lakini? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona, au bado unakohoa kama pikipiki kuukuu? Sisi huku hatujambo. Mkaza mjomba wako, mke wangu mimi, anakusalimu sana. Goti linamuuma, ila mdomo haumuumi hata kidogo.

Barua yako ilifika Jumanne, nikaisoma mara nne. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea kusoma, maana shule yangu unaijua, iliishia darasa la tano. Mara ya pili nikamwita mke wangu anisomee. Akasoma vilevile: unajifunza kuruka kutoka kwenye ndege kwa parachuti, umesharuka mara kumi na moja, na sasa klabu yenu inataka kila mtu aje na helmeti yake mwenyewe. Mara kumi na moja, na mama yako hajui! Haya. Siri imefika mahali pake.

Kilichonikalisha chini ni ule ukurasa wa mwisho. Unasema kuna rafiki yako anakuuzia helmeti yake, nyekundu, inapendeza, ila inacheza kidogo kichwani, na wewe utaijaza kitambaa. Ukamalizia kwa maneno haya: "Hata hivyo wewe Mjomba Ghorofa ulianguka kutoka ghorofa ya tatu kichwa wazi, ukainuka ukaomba chai. Vichwa vya ukoo wetu ni vya chuma." Na unaruka nayo Jumamosi ya tarehe 27.

Hilo la ghorofa nitalirudia.

Sasa mimi ukinitajia kitu nisichokijua, mwili mzima unaniwasha. Helmeti ya pikipiki naijua, ya mjenzi naijua. Ya kuangukia kutoka mawinguni ikoje? Bahati nzuri nikamkumbuka mteja wangu mmoja tunayemwita Komando, mwanajeshi mstaafu aliyeruka na parachuti miaka ishirini. Kiti chake cha dereva kilikuwa hapa kinangoja ngozi mpya. Nikamwambia hakitoki mpaka aniletee helmeti nizione kwa macho. Akacheka, akadhani utani. Alipoona sitanii, akarudi nazo mbili ndani ya mfuko wa saruji.

Moja iko wazi usoni, nyepesi mno, ukiishika unajiuliza kama kuna kitu mkononi. Nyingine inafunika uso wote na ina kioo mbele. Nikaivaa hiyo ya kioo, nikapumua mara tatu, ukungu ukajaa, nikaenda kuigonga cherehani. Muuza matairi wa mlango wa pili akapaza sauti: "Fundi! Mwezini unarudi lini?" Nikamjibu, "Siku utakayouza tairi jipya!" Basi ujue na hilo: ukichagua ya kioo, ipumulie palepale dukani uone kama inakuachia njia ya kuona.

Nikamuuliza Komando, mbona haina kitu kilichotokeza nje, hata kishikizo cha urembo? Alivuta uzi kwenye cherehani yangu, akaupitisha juu ya helmeti nikiwa nimeivaa, ukateleza. Halafu akabandika kipande cha waya pale vijana wanapopenda kufunga kamera, akaupitisha uzi tena. Ukanasa, kichwa changu kikaenda nyuma na kidevu kikatazama dari.

"Huo ni uzi tu," akasema. "Fikiria kamba ya parachuti."

Nikafikiria. Sikupenda.

Nikauliza, kwa nini usivae ya pikipiki, tukamaliza maneno? Akasema ni nzito, parachuti likifunguka ghafla shingo ndiyo inayolipa. Tena inakuziba pembeni, usimwone mwenzako anayekujia. Na masikio lazima yasikie kile kidude kinacholia kukuonya kwamba ardhi inakaribia. Kwako hilo la masikio ni muhimu mara mbili, kwa sababu mdomo wako hata angani najua haunyamazi.

Lakini kubwa kuliko yote ni kukaa. Chukua futi ya kushonea, uipitishe upana wa kidole kimoja juu ya nyusi, uizungushe mpaka pale kisogo kinapotokeza. Hicho ndicho kipimo chako, usikubali muuzaji akukadirie kwa macho. Ivae na ile miwani yako ya kurukia, funga mkanda wa kidevuni, tikisa kichwa kama unakataa mchumba. Helmeti ikigeuka peke yake, irudishe. Ngozi ya mashavu ikienda nayo, hiyo ni yako.

Likaja suala la sponji, na hapo nikafundisha mimi. Bonyeza sponji ya ndani kwa dole gumba, uachie, uhesabu. Ikijaa tena, iko hai. Ikibaki na shimo, imekufa, ilishapokea pigo la mtu mwingine. Muulize rafiki yako ile nyekundu imewahi kugonga nini, na umtazame machoni anapojibu.

Nikamwambia Komando basi haina shida, mpwa wangu nitamkatia sponji ya daraja la kwanza, aijazie hiyohiyo nyekundu.

"Fundi," akasema, "kichwa si kiti."

Nikabisha. Mimi si mtu wa kuambiwa tu. Nikachukua mikebe miwili ya rangi na mayai mawili. Yai moja nikalizungushia vitambaa, likawa linacheza kidogo ndani, kama wewe ndani ya ile nyekundu. La pili nikalitengenezea nafasi yake kwenye sponji, likakaa limebana kila upande. Nikaweka mikebe ukingoni mwa kigoda cha jikoni ili niisukume. Mke wangu akatokea mlangoni na chai ya mgeni.

"Kigoda hicho tena?" akauliza.

"Mama, huu ni utaalamu, tuache."

Nikasukuma. La sponji lilitoka zima. La vitambaa mke wangu alilifuta sakafuni bila kusema neno, na unamjua, akinyamaza ndiyo anasema.

Komando akaniuliza kama nimewahi kuumia kichwa. Nikamweleza ile ya ghorofa ya tatu, yote, na ile sehemu ya kuomba chai. Mke wangu akakohoa. Kikohozi kirefu, na hakuwa na mafua. Komando akanitazama mimi, akakitazama kigoda, akamaliza chai yake.

"Mwandikie mpwa wako," akasema. "Na umwandikie vizuri."

Basi nisalimie kaka yako wa duka la simu, mwambie lile begi lake nimeshalishona zipu. Nisalimie binamu yako muuguzi na watoto wake. Huyo mwenye helmeti nyekundu naye msalimie, hatuna ugomvi. Mungu akushike wewe na kila kamba yako, akupandishe salama na akushushe taratibu.

Sasa lile la ghorofa. Hapakuwa na ghorofa, Chiriku. Nilipanda kigoda cha jikoni kubadilisha balbu, kikayumba, nikaangukia kisogo. Sikuinuka. Sikuomba chai. Siku mbili nilikuwa namwita mke wangu "dada" na kumuuliza karakana hii ni ya nani, na mwezi mzima sikuweza kutia uzi kwenye sindano. Mgeni wa kwanza aliyekuja kunipa pole aliuliza nimeangukia wapi, nikaona aibu, nikamwambia ghorofani. Wa pili nikamwongezea moja. Wa tatu alikuwa shemeji yangu, nikashindwa kujizuia.

Kichwa cha chuma hatuna. Tuna cha yai, kama watu wote. Ile nyekundu iache, nunua inayobana.

Na mama yako mwambie habari za parachuti kabla ya tarehe 27. Hizi za kigoda, nakuomba sana mwanangu, usimwambie.

Akupendaye, miguu yote miwili ikiwa sakafuni,
Mjomba wako