Karoti za Mama Vumilia

Mujukuu wangu Aline,

Jambo sana, mama. Sisi tuko, ni magoti tu yamechoka kunibeba. Mujomba wako wa Katoyi amepata mutoto mwanamuke. Ingine yote unaisikia ku radio, sina nguvu ya kuiandika.

Unasema makumbusho ya huko imewapa Wakongomani muti mumoja wa Noeli muupambe, na unaniuliza ni pambo gani lilikuwa zuri kuliko yote ku miti yetu ya zamani. Ni lile nililolitoa.

Wakati ule kila shirika la wakristo lilipamba muti wake mu sale ya parokia, na watu wote wanapita kuangalia. Mimi, binti wa Majengo, ndiye nilisimamia muti wetu. Mama Vumilia, aliyekimbia vita ya Kibumba, kule wanakolima karoti, akaleta karoti tano, zimeoshwa vizuri, majani yangali mabichi. Akazifunga ku tawi polepole, kama mutu anayepeleka matoleo ku misa. Alipotoka nikasema, "Hii ni Noeli ao soko?" Wote wakacheka. Nikazitoa, tukazipika.

Kesho yake akarudi na mutoto wake mukononi. Akamwambia mutoto, "Kuja uone, shamba yetu iko hapa." Akazunguka ule muti mara mbili, akitafuta karoti zake, kisha akabeba mutoto wakaenda.

Mapambo yetu mengine yote nimeyasahau, Aline. Utamu wa zile karoti ungali mu kinywa changu.

Ni mimi, koko wako, nyanya yako.