Barua Iliyokwama kwa Mkono Wangu

Mama,

Amani ya Mola iwe juu yako huko uliko. Nakuandikia nikiwa na kinyaa, na kinyaa chenyewe ni cha nafsi yangu.

Unaijua ile kazi yangu ya kompyuta Mombasa, uliyokuwa ukiwatambia majirani kisiwani kwetu Chula kana kwamba nimekuwa waziri. Mwezi uliopita, kampuni ilinipa kazi ya kuweka lango la ulinzi: kila barua pepe ya ofisi ipite hapo kwanza, ichunguzwe, yenye shaka izuiwe. Meneja akasimama nyuma ya kiti changu akasema, "Za Somalia zuia zote. Kule kuna nini ila matapeli na bunduki?" Mimi, uliyenibeba mgongoni tukikimbia vita Kismayo, nikacheka naye. Nilicheka, Mama. Kisha nikaweka alama kwenye kisanduku cha kuzizuia.

Siku ya tatu Mjomba Shee akaniandikia barua pepe ya ofisini kutoka Kismayo kuhusu ugonjwa wako, kwa sababu kwetu ugonjwa hautajwi kwenye simu, mchu aliye mbali na watu wake asije akashtuka. Alipopiga aliniuliza tu, "Barua umeiona?" Nikajibu, "Nimeiona, Mjomba, ahsante." Nilidhani ni salamu zile zile, nikaona haya kusema sijaiona. Kwa neno langu hilo wakakupakia mashuani pamoja naye hadi Kiunga, upande wa Kenya, nije nikupokee na gari nikupeleke hospitali.

Siku mbili ulilala Kiunga kwenye jamvi la watu, simu hazishiki, kila gari likipita unauliza kama ni mimi.

Nilipokuja kukuzika Mjomba aliniuliza nilikwama wapi. Nikasema gari liliharibika. Akanishika kichwa akanisomea dua! Niliporudi ofisini nikafungua orodha ya barua zilizozuiwa, nikaikuta ile ya Mjomba, imepigwa muhuri wa hatari. Meneja ananisifu kwamba siku hizi hakuna uchafu unaopita. Mfyuu. Uchafu umekaa kwenye kiti changu, unapokea mshahara.

Alama ile nimeifuta, meneja apende asipende. Lakini najua haitoshi. Ijumaa Mjomba atakuwa kwangu, na nakuahidi nitamwambia yote, hata kama hatataka tena kula chakula changu.

Lala kwa rehema, Mama. Wameniambia mpaka unakata roho Mjomba alikuwa akikutuliza kwamba niko njiani. Sikuwa njiani. Nilikuwa ofisini, nakula maandazi.

Mwanao,
Mwanaesha