Mpiga Picha wa Mama

Pajulu, Arua
Septemba

Kaka yangu mpendwa Marino,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shemeji yako Obitre. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba joto la huko Sharjah limepungua, na yule msimamizi wako mwenye kelele amepata mtu mwingine wa kumfokea. Sisi huku tunaendelea. Mvua inanyesha vizuri, karanga tumeshang'oa, na shangazi wa Obitre, yule Ocokoru, bado anaonja mboga zangu kama mtu anayepewa dawa.

Najua umenikasirikia. Unapiga simu sipokei, unaandika sijibu. Simu haijaharibika. Swali lako kuhusu picha za mama nimelisoma, nikashindwa kulijibu kwa kidole. Ndiyo maana nimempa Jalia barua hii, kwa kuwa anarudi huko kazini, na nimemwomba akupe siku ambayo huna zamu. Tafadhali isome kwa utaratibu, usirukie mwisho kama ulivyozoea.

Nianzie kwa mpiga picha, maana yote yalianzia hapo. Unakumbuka kwamba uvimbe wa koo ulimnyang'anya mama sauti mwanzoni mwa mwaka, na wewe ukasema kama hawezi kuongea nawe, basi angalau umwone. Nilipokuambia kuwa dawa za hospitali zinamsaidia, ilikuwa kweli kwa muda. Lakini harusi yangu ilipokaribia, mwezi wa tano, hakuweza tena kukaa garini kutoka kwetu Lurujo mpaka Arua. Katika harusi ile yote nilikuwa na haja moja tu, nipate picha nimevaa gauni na mama yuko kando yangu. Niliogopa sana kwamba sitaipata.

Kamati ya harusi, yaani rafiki zake Obitre wakiongozwa na Ocokoru, walikuwa wameshamchagua kijana mmoja wa Arua mjini mwenye kamera ya kuruka. Nilitazama kazi zake. Mabibi harusi wote walikuwa na ngozi ya rangi moja, laini kama sabuni, hata wale ninaowajua kwa chunusi zao. Nikazipeleka Lurujo nimwonyeshe mama. Akatikisa kichwa, akaninong'oneza jina la Rosa Kiden.

Bila shaka unamkumbuka, yule mama wa Sudan Kusini mwenye studio karibu na soko la Koboko, aliyepiga picha za mazishi ya baba. Nilidhani mama anamtaka kwa sababu hiyo, au kwa sababu Koboko ni karibu, naye angeweza kumfikia nyumbani. Kwenye kamati moto uliwaka. Ocokoru alisema watu wa Koboko wameanza kuwapangia harusi kabla hata ya kumtoa binti yao, na rafiki zake Obitre wakauliza ni nani anaita mpiga picha wa mazishi kwenye harusi. Nilimwambia Obitre kwamba kama Rosa Kiden haji, basi ajioe mwenyewe. Kesho yake akaenda kuwaambia kwamba amekubali. Nilimpenda zaidi siku hiyo kuliko siku ya kanisani.

Rosa Kiden ni mkali, kaka. Kwanza alitaka aambiwe nani hasemezani na nani katika koo zote mbili, ili asije akawapanga bega kwa bega wakakunja nyuso. Alikwenda kanisani kabla ya siku yenyewe kutazama jua linaingilia dirisha gani, akamwambia padri, bila aibu, kwamba tutasimama upande wa kushoto. Kuhusu mama alikubali mara moja. Alisema atakuja Lurujo Alhamisi, harusi ikiwa Jumamosi.

Ocokoru alikataza. Alidai gauni likivaliwa kabla ya siku yake litaleta mkosi nyumbani kwa Obitre. Basi nililitia kwenye gunia safi la unga, nikapanda boda mpaka nyumbani Lurujo kama mtu anayekwenda sokoni, nikiinamisha uso kila tulipopishana na mtu wa Pajulu.

Mama alikuwa amekonda kuliko nilivyomwacha. Tulimkalisha nje, upande wa jikoni, kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri pale. Rosa Kiden alimfunga kitambaa shingoni kuficha uvimbe, akampa Mjomba Lokule shuka jeupe alishike kurudishia mwanga usoni, na mjomba akasimama nalo kama askari. Mimi nikaanza kulia. Rosa alinifokea, "Wewe ukilia, rangi ya uso natoka yote. Ngoja, utalia Jumamosi." Tukacheka, hata mama. Hiyo ndiyo picha uliyoipata kwanza, ile ya kicheko.

Nilidhani tumemaliza. Mama akaniashiria nimletee kitenge cha buluu na ungo wa karanga. Kisha blauzi yake ya Jumapili. Kisha kitenge chekundu. Kila alipobadilisha nguo alikuwa akihema, tunamlaza kidogo, tunamwinua tena. Nilimsihi tupumzike, akanisukuma mkono. Mwishowe Rosa Kiden alishusha kamera.

"Mama," akasema, "mimi nakuja piga harusi. Hii nguo ingine na ingine iko ya nini?"

Mama alivuta pumzi kwa muda mrefu. "Iko ya Marino," akanong'ona akininyooshea kidole. "Kevina atatuma moja kila mwezi. Yeye hapana jua kama mimi nakufa, mpaka kazi yake naisha. Piga."

Mjomba Lokule aliangalia chini. Mimi nilikuwa nimevaa gauni la harusi, nikataka kukimbia shambani nalo. Lakini unajua mama alivyokuwa akisema juu ya mazishi ya baba, kwamba uliacha kazi Juba siku ileile, ukarudi ukakuta nafasi yako ina mtu, ukabeba matofali Koboko mpaka mgongo ukaharibika. Alijilaumu kwa hilo, ingawa si yeye aliyekuita. Alinishika kidole akanitaka niahidi. Niliahidi. Rosa akainua kamera, akapiga.

Kaka, sasa kaa chini kama umesimama. Mama yetu alituacha mwezi wa sita, siku chache baada ya harusi. Alfajiri, nyumbani, mimi nikiwa nimemshika. Tulimzika Lurujo kando ya baba. Wewe ndiwe mwanawe wa kwanza, na udongo wa kwanza ulikuwa wako. Mjomba Lokule aliutupa akitaja jina lako kwa sauti, kisha akawaomba watu wote wasiweke chochote mtandaoni. Watu wakaheshimu neno la mama. Rosa Kiden alikuja bila kamera, akakaa na wanawake mpaka jioni.

Tangu hapo nimekutumia picha kama alivyoagiza. Ulipoandika kwamba amenenepa kidogo, nilizima simu nikaenda shambani kupalilia. Halafu umeuliza mbona tangu mwezi wa sita mahindi nyuma ya mama yamebaki magotini, wakati kila mtu ameshavuna. Sote tuliokuwa pale ni watu wa jembe, tulifikiria nguo na kitambaa cha shingo, hakuna aliyegeuka kutazama mahindi. Nilipolisoma swali lako nililia, na nitakuambia ukweli, nilifurahi pia. Nilikuwa nimechoka kukudanganya. Ahadi ya mama nimeivunja, na yeye nitamjibu mwenyewe. Ila wewe una haki ya kumlilia mama yako.

Kama utarudi au utabaki kazini, amua wewe. Hakuna atakayekulaumu hapa, na mimi sitamruhusu mtu. Jalia anajua kila kitu, naye ataketi nawe, usimfukuze.

Mjomba Lokule anakusalimu, Obitre anakusalimu kama ndugu. Humu ndani nimeweka picha ya mwisho, ile ya kitenge chekundu. Mama alisema niitume Krismasi. Nimeituma sasa, ili usiendelee kumngoja.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Kevina